Yeyeke na Yeyeme

Sio zamani za kale, ni juzijuzi tu, na nchi yenyewe ni hiihii tunayokaa. Jina lake silitaji, kwa sababu kulitaja katika habari isiyo ya sifa kunahitaji kibali, na mtoa vibali yuko semina. Itoshe kusema ni nchi ya utulivu mwingi, tena utulivu huo una wizara yake: Wizara ya Watoto, Mifugo na Utulivu. Ukiuliza kwa nini vitatu hivyo viliwekwa chini ya waziri mmoja, utaambiwa vyote vinahitaji uzio.

Mimi sina ugomvi na serikali. Nasema mapema msije mkanielewa vibaya. Naitwa Mwanamkuu, ni fundi cherehani, nashona sare za shule karibu na soko, na bendera ya taifa naitundika mlangoni kila sikukuu, hata zile zilizofutwa. Wifi yangu Tausi husema mdomo wangu hauna breki. Ni kweli, na leo breki yenyewe siitafuti.

Tausi ni mke wa kaka yangu Abedi. Wana mtoto mmoja, Riziki, yuko darasa la sita. Jina tulimpa sisi wa upande wa baba, na nyote mnalijua jina hilo: kuna akina Riziki wanaofuga ndevu na kuna akina Riziki wanaosuka nywele, na hakuna aliyewahi kukosa usingizi kwa ajili hiyo.

Siku moja Riziki alikuja dukani nimpime sare mpya, maana ile ya zamani ilikuwa imeshampanda. Nilikuwa nimetandika kitambaa mezani na mkasi nimeushika. Akaniambia, "Shangazi, nishonee ile nyingine."

Shule zetu zina sare mbili, ya wasichana na ya wavulana. Kitambaa ni kilekile, zinaachana kwenye mkasi tu.

"Nyingine ipi?" nikajifanya sijui.

"Ile nyingine," akasema, akatazama miguu yake.

Nikauweka mkasi chini. Sikucheka, wala sikumgombeza, nikamwita baba yake na mama yake. Abedi akasema huo ni utoto, utampita, hata yeye alitaka kuwa rubani. Tausi akasema mtoto huyu alianza kusema hivyo tangu ulimi ulipokunjuka, na sasa hata chakula hali, anakichokonoa tu. Waligombana kwangu mpaka chai ikapoa. Mwisho wakakubaliana jambo moja, na nawasifu kwa hilo, kwa sababu halikuwa rahisi kwa yeyote kati yao: aende kwa daktari, wamsikie mtu aliyesomea.

Daktari wa mambo hayo nchi nzima alikuwa mmoja, Daktari Mwasumbi, mtaalamu wa watoto ambao mwili wao na vile wanavyojijua ndani haviafikiani. Tausi aliogopa kuingia asije akalia, Abedi aliogopa kuingia asije akafoka. Nikaingia mimi. Chumbani tulikuwa watatu: daktari, mtoto na shangazi.

Naomba niseme wazi kwamba Daktari Mwasumbi alikuwa mtu mwema. Hilo ndilo linaloniuma. Angekuwa mshenzi tangu mwanzo ningemzoea. Alikaa sawa na mtoto, si nyuma ya meza. Akamwambia, "Wako watoto ambao jambo hili huwapita, na wako ambao hukaa nalo maisha yao yote. Dawa zipo. Zina faida zake na hasara zake, na mengine sisi madaktari bado hatuyajui. Sitakukimbiza na sitakufungia mlango. Kwanza nitakusikiliza, kwa muda mrefu."

Daktari akainuka, akafunga dirisha, akarudi kukaa. "Utakayosema yatabaki humu ndani," akasema.

Ndipo mtoto akafungua mdomo. Akasema, "Nikiitwa naitika. Lakini anayeitika si mimi."

Daktari aliitikia kwa kichwa tu. Akampa siku ya kurudi. Jioni hiyo Riziki alikula wali mpaka akakwangua sufuria, na Tausi akasimama jikoni anamtazama, machozi yanamtoka bila sauti. Basi sisi tulichotaka kilikuwa hicho tu, tumrudishe kwa daktari siku ya kurudi. Hatukuomba barabara wala daraja.

Sasa sikilizeni nchi inavyofanya kazi.

Huko ng'ambo, kwa matajiri wanaotusaidia, kulikuwa na ugomvi mkubwa juu ya watoto wa namna hii. Walikuwa wametukanana mpaka matusi yakawaishia. Ugomvi ulipochakaa waliufunga kwenye marobota wakatuletea, kama wanavyotuletea makoti ya baridi, nasi tukaupokea kwa ngoma. Tuliuvaa hivyohivyo, lebo zikiwa bado zinaning'inia shingoni.

Daktari Mwasumbi alialikwa kwenye mkutano ng'ambo. Alirudi na suti mpya na sauti mpya. Wiki haikupita, Mheshimiwa Waziri wa Watoto, Mifugo na Utulivu akatangaza kuundwa kwa Tume ya Taifa ya Kumsikiliza Mtoto, mwenyekiti wake Daktari Mwasumbi. Hotuba ilirushwa redioni nchi nzima.

"Ndugu wananchi," akasema Mheshimiwa, "mtoto ni taifa la kesho. Kwa mantiki hiyo, leo bado hayupo, na ni wajibu wetu kumjadili kabla hajafika. Mimi mwenyewe nimefuga. Ninaelewa."

Siku ya kurudi ilipofika tulikwenda, Riziki mbele, shati limepigwa pasi mpaka linameta. Mlango wa daktari ulikuwa umefungwa kwa kufuli. Nesi akatuambia kwa upole, "Daktari hawezi kumsikiliza mtoto kwa sasa. Yuko kwenye Tume ya Kumsikiliza Mtoto."

"Atarudi lini?" nikauliza.

"Tume ikishamsikiliza."

"Ikishamsikiliza nani?"

Nesi akanitazama kama mtu aliyeulizwa bahari iliwekwa na nani. Kupitia dirishani nikaona kile chumba chetu kimejazwa mabango na vipaza sauti vya Tume. Kiti alichokalia Riziki kilikuwa kimebebeshwa jenereta.

Taifa likagawanyika makundi mawili. La kwanza liliitwa Leoleo. Hao walitaka mtoto yeyote mwenye shaka atibiwe leo leo, ikiwezekana kabla hajamaliza sentensi, na aliyesema "ngoja kwanza tumsikilize" walimwita muuaji. La pili liliitwa Abadani. Hao walisema watoto wa namna hii hawapo, hawajawahi kuwapo, na hao waliopo wazuiwe kwa sheria kali. Na aliyesema "ngoja kwanza tumsikilize" walimwita wakala wa mabeberu. Ofisi zao zilitazamana, na spika walikodi kwa mtu mmoja, wakipokezana asubuhi na mchana. Nilijaribu kuulizia kama kuna yeyote katika makundi hayo mwenye mtoto wa namna hiyo nyumbani. Niliambiwa suala ni la kitaifa, nisilete mambo ya majumbani.

Na Daktari Mwasumbi aliyekuwa akisema "bado hatuyajui"? Kikao cha kwanza alilisema neno hilo. Mjumbe mmoja akasimama, "Mwenyekiti, Tume haikuundwa ili isijue." Ukumbi ukapiga makofi, Leoleo na Abadani kwa pamoja, na daktari akatabasamu, akanywa maji. Tangu siku hiyo hakulirudia.

Nije kwenye kanga.

Mama mmoja wa Leoleo aliniletea kanga mpya nimkatie na kumpindia. Riziki alikuwa pale dukani, kwenye benchi, akifanya hesabu za shule. Nikaikunjua mezani. Mnajua kanga ina jina lake, yale maneno ya chini. Nikayasoma kwa sauti, kwa mazoea tu, maana kila kanga ikifika kwangu huwa nasoma: "Nikiitwa naitika, lakini anayeitika si mimi."

Kalamu ya Riziki ikasimama.

"Maneno mazuri eeh?" akasema yule mama. "Mwenyekiti ndiye aliyeyatoa kwenye hotuba ng'ambo. Watu wazima walilia. Ni kilio cha mtoto mmoja hivi anayetaka tiba leo leo."

Hajaondoka, akaingia mwanamke wa Abadani na kanga yake, rangi nyingine, maneno yaleyale. "Sisi tumeyachapa kama ushahidi," akanieleza. "Mtoto hata hajui nani anaitika. Huyo ni wa kutibiwa, au wa kuchapwa?"

Wakaanza kurushiana maneno juu ya meza yangu ya kukatia, kila mmoja ameshika ncha ya kanga yake. Mimi siwasikii. Namtazama Riziki, naye ananitazama mimi. Mule chumbani tulikuwa watatu, na hesabu hiyo mtoto wa darasa la sita haimshindi.

"Riziki, si mimi," nikasema. "Mwanangu, haki ya Mungu si mimi."

Alikusanya madaftari yake, akasema "Shikamoo" kwa wale wageni kwa kuwa amelelewa, akatoka. Nilimwita. Hakuitika.

Basi miswada ikaenda Bungeni. Ilikuwa miwili, wa Leoleo na wa Abadani, na yote miwili ilikuwa imeandikwa na watu wa ng'ambo kwa lugha ya ng'ambo. Mkalimani wa Bunge alipewa aitafsiri. Sasa, lugha ya wale wenzetu ina neno moja la kumsemea mwanamume na jingine la kumsemea mwanamke. Sisi tuna yeye. Bibi ni yeye, babu ni yeye, Rais ni yeye, na mbuzi mwenye adabu naye ni yeye. Mkalimani alifanya kazi yake kwa uaminifu, na muswada wa Leoleo ukasomeka hivi: "Mtoto ambaye ni yeye lakini anajijua kuwa ni yeye, asaidiwe awe yeye." Na wa Abadani: "Mtoto ambaye ni yeye lakini anajidai kuwa ni yeye, azuiwe ili abaki yeye."

Wabunge wakasoma, wakageuza karatasi, wakatafuta pa kupinga wasipaone. Nani atasimama aseme mtoto asiwe yeye? Miswada yote miwili ikapita asubuhi moja, bila kura ya hapana, vigelegele mpaka nje. Nami niliposikia redioni niliacha cherehani nikakaa. Niliona, kwa bahati mbaya kabisa, nchi yetu imetunga sheria nzuri.

Haikudumu. Wafadhili wa pande zote mbili walilalamika kwamba katika mjadala wao hakuna aliyeshinda. Baraza la Lugha likaitwa kwa dharura. Profesa wa Baraza akatangaza kwamba mababu zetu walikuwa wazembe, walisahau jambo, na sasa taifa litawasaidia. Tangu siku hiyo mwanamke atasemwa yeyeke na mwanamume yeyeme. Neno "yeye" tupu likapigwa marufuku. Ile "a" ya "amekuja" na "amelala", ambayo nayo haisemi nani ni nani, iliahirishwa mpaka awamu ya pili.

Mkiona nacheka, mjue sikucheka wakati ule. Jirani yetu Mzee Chande alilala rumande kwa kuulizwa mkewe yuko wapi, akajibu, "Yeye kaenda sokoni." Walimu waliwachapa watoto. Viongozi wa dini wote walikwenda kwa pamoja, jambo ambalo halijawahi kutokea, kuuliza Mwenyezi Mungu asemweje. Baraza likaomba muda.

Halafu wakaja kwangu. Vijana wa Wizara, wenye vitambulisho shingoni.

"Mama, yule mtoto wa kwenye kanga ni yeyeke au yeyeme? Taifa linahitaji kujua."

"Mtoto gani?" nikauliza.

"Mwenyekiti hakumtaja jina. Alisema tu ni wa darasa la sita, anakaa mtaa huu, na shangazi yake anashona sare karibu na soko."

Nikawaambia wakae, nikawapa maji, nikarudi kwenye cherehani yangu nikashona mpaka wakachoka na kelele zake wakaondoka. Lakini mtaa ulikuwa umeshajua. Leoleo wakaja kumchukua Tausi, wakamketisha jukwaani kwenye kiti cha enzi, wakamwita Mama Shujaa. Abadani wakamchukua Abedi, wakamvika kofia, wakamwita Baba Ngome. Nyumba ile iliyokubaliana jambo moja ikawa haikubaliani hata mlango ufungwe au uachwe wazi. Nilipowauliza kila mmoja kwa wakati wake, "Umefuata nini huko?", wote wawili walinijibu kitu kimoja. Waliahidiwa kwamba huko ndiko watakakomwona daktari.

Na daktari walimwona, kweli, kwa mbali. Aliwapungia mkono.

Mwisho Tume ikakumbuka jina lake na kuamua imsikilize mtoto. Riziki akaitwa kwa barua ya nembo mbele ya kikao cha hadhara. Ukumbi ukajaa, Leoleo kulia, Abadani kushoto, wanawake wote wamejifunga kanga zenye maneno yaleyale. Tausi upande ule, Abedi upande huu, mimi katikati ya njia kwa kuwa viti vya wasio na upande havikuwa vimeandaliwa. Mheshimiwa Waziri alifungua kwa kusema siku hiyo itaandikwa kwa wino wa dhahabu, kisha akaeleza kwa kirefu namna ya kumtambua ndama mwenye afya.

Riziki aliitwa mbele. Kipaza sauti kilikuwa juu mno, wakakishusha, kikagoma, wakakiinua, mwisho akasema bila kipaza sauti. Makundi yote mawili yalikuwa yameinama mbele, leso mkononi, tayari kulia.

Hakuwatazama. Alimtazama daktari pale juu, kwenye kiti chenye mito.

"Daktari," akasema, "ulisema yatabaki humu ndani."

Basi.

Niliona uso wa Daktari Mwasumbi ukirudi, kwa kitambo kidogo, kuwa ule wa mtu aliyefunga dirisha. Akafungua mdomo. Nikamwombea, nawaambia kweli, nikamwombea aseme "nisamehe" tu, neno moja. Akaweka tai yake sawa.

"Kwa kumbukumbu za kikao," akasema, "sikutaja jina."

Ukumbi ukavuta pumzi. Karani wa Tume akanyanyua mkono: ili aandike maneno ya mtoto, aelezwe kwanza, aliyesema ni yeyeke au yeyeme? Leoleo wakapaza sauti wakasema moja. Abadani wakapaza sauti wakasema jingine. Viti vikaanza kuruka. Mwenyekiti, ambaye alijua, na ambaye katika watu wote wa ukumbi ule alikuwa amewahi kuambiwa na mtoto mwenyewe, alitazama mezani. Kwa kuwa msemaji hakutambulika, maneno yake hayakuandikwa. Mkipata kumbukumbu za siku ile, mahali pale pameandikwa: "Palisikika kikohozi."

Nilimshika Riziki mkono tukatoka kupitia mlango wa jikoni, katikati ya masufuria ya pilau ya wajumbe. Hakuna aliyetuona. Walikuwa wanamgombania yeye.

Tume imeongezewa muda. Daktari Mwasumbi amepewa nishani ya usikivu. Kile chumba bado ni stoo, na wazazi wengine, wenye watoto wengine, naona huwa wanafika pale, wanasoma kufuli, wanaondoka. Tausi na Abedi wanazungumza kupitia kwangu: mwambie kaka yako, mwambie wifi yako.

Riziki huja dukani akitoka shule. Hukaa kwenye benchi, hufanya hesabu. Sare yake ya zamani sasa imempanda mpaka ni aibu kwangu mimi fundi, na kila nikitandika kitambaa namuuliza, "Nikukatie ipi, mwanangu?" Hasemi ile, hasemi hii. Kitambaa chake nimekiweka rafuni peke yake, na mkasi haujakigusa.

Juzi alinisikia nikimsimulia mteja mambo ya kanga. Mteja alipotoka, Riziki akauliza bila kuinua kichwa, "Na wewe, shangazi, unawasimulia watu?"

"Nasimulia mambo yao," nikamwambia. "Mheshimiwa, daktari, Baraza, wote. Yako siyasimulii."

Hajanijibu hadi leo, na simlaumu, kwa sababu ahadi ya namna hiyo alishawahi kupewa, tena na mtu mwenye dirisha la kufunga.

Na wewe unayesoma, nakuona. Umetoka nami mpaka hapa na bado unapekua, unarudi nyuma ukitazama kama nimeteleza mahali, kama ni kaptula au ni sketi, yeyeke au yeyeme. Keti ninywe nawe chai, nikueleze habari za Mheshimiwa Waziri na ng'ombe wake mpaka uchoke. Lakini hilo unalolitafuta, ndugu yangu, litabaki humu ndani.